Ekseli Ijisokotayo: Fedha za Kikundi Ziende Wapi Kwanza?

Ukurasa huu kwa kawaida huzungumza habari za mbegu, za mbolea, au za wadudu wa mnazi. Mwezi huu nitazungumza habari za chuma, maana chungwa likiiva mtini wala lisifike sokoni, kazi yote ya jembe imepotelea njiani.

Mimi si makanika. Nilisomea ualimu, kisha nikawa karani katika ofisi ya kilimo, na kazi yangu ni mafaili na barua. Lakini katika masika ya mwaka jana walikuja ofisini wazee watatu na kijana mmoja kutoka upande wa Lukore, wamebeba kitu kilichofungwa kwa kipande cha kanga. Nilidhani ni muhogo wenye ugonjwa, kwa kuwa wengi hutuletea mihogo namna hiyo. Walipofungua nikaona chuma kitupu: krosi ya propela iliyovunjika mikono miwili, na pamoja nayo bolti moja iliyokatika kama muwa.

"Karani," akasema mzee mmoja, "krosi hii ni ya tatu tangu Ramadhani. Tunaomba utuandikie barua."

"Barua kwenda kwa nani, baba?"

"Kwa yeyote awezaye kutuambia tununue nini. Fedha tulizobaki nazo zatosha kununua kitu kimoja tu, na kila tunayemwuliza ataja kitu chake."

Barua sikuandika. Niliwauliza habari zote kwa taratibu, nazo ndizo hizi. Kikundi chao kilichanga fedha, kikanunua pikapu kuukuu ya 4x4, yenye springi za mabamba nyuma. Kazi yake ni kukusanya machungwa, nazi na mahindi katika mashamba ya bonde la Mkurumudzi, kuyapandisha mpaka barabara kubwa, kisha kuyapeleka soko la Kongowea kule Mombasa. Aliyekuwa nayo kwanza aliipenda iwe ndefu. Alitia bloki za chuma za sentimita 10 kati ya ekseli ya nyuma na springi, akafunga na matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani. Gari lilipendeza kwa macho, na wazee wakasema kwamba halitagusa mawe.

Siku ya mkasa mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Gari lilikuwa na magunia ya machungwa, na juu ya magunia walikaa akina mama wawili waliokuwa wakienda sokoni. Katikati ya mlima, dereva akiwa katika gia nzito ya 4x4, upande wa nyuma ulianza kurukaruka kama punda aliyeumwa na nyuki. Dereva akaongeza moto. Ukasikika mshindo, propela ikaachia, na gari likaanza kurudi nyuma likiwa halina nguvu ya kulizuia ila breki. Taniboi alirusha jiwe nyuma ya gurudumu, likashika. Mama mmoja alikuwa amekwisha kuruka, akaumia mkono. Magunia yalikaa pale siku 3, na yaliyofika Kongowea yaliuzwa kwa bei ya kutupa.

Basi, baada ya hapo ushauri ukawa mwingi. Muuza spea akasema, nunueni springi nene kupita zote. Vijana wa kikundi wakasema, gari bado ni fupi, ongezeni bloki. Fundi wa kuchomea akasema, mimi nitawachomea fimbo ya chuma kutoka ekseli mpaka chesisi, nayo haitaruka tena. Kila mmoja alikuwa na kweli kidogo, ila vijana, ambao hawakuwa nayo hata kidogo, wala sisemi hivyo kwa kuwachukia.

Nilifuatana nao kwenda kwa fundi mmoja wa Msambweni, mtu mzima, ambaye tangu ujana wake ametengeneza matrekta na malori ya miwa. Aliniita Mwalimu tangu mwanzo, nami sikukataa. Yeye hakutaja kitu cha kununua. Aliagiza kwanza ufito.

Jambo lile alilotufundisha laweza kufanywa na mtu yeyote uani kwake. Chukua ufito mwembamba upindikao, urefu wa futi 4 hivi. Watu wawili wakae juu ya vigoda, kila mmoja ashike ncha yake imara. Huo ndio springi, au kamani kama wasemavyo wazee wetu wa pwani. Katikati ya ufito funga kwa kamba kijiti kinachoning'inia chini, urefu wa shubiri moja, ukikaze sana. Ncha ya chini ya kijiti ndipo tairi linapokanyaga ardhi. Sasa sukuma ncha ile kwenda mbele, kama ardhi inavyolisukuma gari linapopanda mlima. Utaona nusu ya mbele ya ufito yainuka, na nusu ya nyuma yashuka, hata ufito wote wajikunja kama nyoka. Uachilie ghafula, nao warudi kwa kishindo.

Hivyo ndivyo ekseli inavyojisokota. Injini huzungusha magurudumu kwenda mbele, na nyumba ya ekseli hutaka kuzunguka kinyume chake. Hakuna kitu cha kuizuia ila springi zilizofungwa juu yake kwa yubolti. Springi zikiwa laini au zimechoka, pua ya difu huinuka juu, krosi hukunjwa pembe kali, na wakati huohuo ndipo inapobebeshwa nguvu kubwa kuliko zote. Kisha tairi huteleza, springi hujifyatua na kurudi mahali pake, tairi hushika tena, na pua huinuka tena. Kurudiarudia huko ndiko kule kurukaruka kwa punda. Krosi haivunjwi na uzito wa machungwa. Yavunjwa na nyundo hiyo.

Wengine hushangaa kwamba injini ya pikapu yaweza kukunja chuma kinene namna ile. Haya, tufanye hesabu ya mfano, kama tulivyofanya ubaoni zamani. Tuseme gia ya kwanza huzidisha nguvu ya injini mara 4, gia nzito ya 4x4 huzidisha mara 2 na nusu, na difu huzidisha mara 4. Nne mara mbili na nusu ni 10, na kumi mara nne ni 40. Nguvu ya kuzungusha imekuwa mara 40 kabla ya kufika katika magurudumu. Ni kweli kwamba ekseli ya mbele huchukua sehemu yake, lakini mlimani, mzigo ukiwa nyuma, magurudumu ya mbele huwa mepesi na sehemu kubwa ya kazi hubaki kwa yale ya nyuma. Ndiyo sababu gari huweza kwenda Mombasa na kurudi katika lami bila neno, likaja kuvunjika hatua chache kutoka shambani.

Kisha fundi akakifungua kile kijiti, akafunga kingine kirefu zaidi, akamwambia kijana asukume kwa nguvu ileile. Ufito ulijikunja zaidi. Kijana akanyamaza, maana aliona mwenyewe.

Kijiti kirefu ndicho bloki, na ndicho tairi kubwa pia. Tukapima gari lile lingekuwaje kabla ya kutiwa bloki: kutoka ardhini mpaka mahali springi ilipokaa ni kama sentimita 45. Ongeza bloki ya sentimita 10, zimekuwa 55. Mkono wa nguvu inayosokota springi umeongezeka kwa zaidi ya moja ya tano, wala hujaongeza hata chungwa moja la mzigo. Tena bloki yenyewe ni kitu cha kulegea. Yubolti zikiwa ndefu hunyooka kidogo kidogo, bloki hucheza, bolti ya katikati hubeba kazi isiyokuwa yake, mwisho hukatika, na ekseli huhama mahali pake. Ile bolti waliyoileta ofisini katika kanga ilikuwa ndiyo hiyo.

Watu wa chini huku, msidhani kwamba jambo hili ni la milimani tu. Katika njia za mchanga kutoka Diani mpaka Gazi na Msambweni, mchanga mtupu hausokoti sana ekseli kwa sababu tairi huteleza bila kushika. Hatari ni kwamba chini ya mchanga ule mara nyingi pana mwamba wa matumbawe. Tairi linazunguka kwa kasi mchangani, ghafula lakuta jiwe, lashika. Pigo hilo moja ni baya kuliko kupanda mlima mzima kwa taratibu.

Haya, sasa utajuaje kwamba gari lako lina ugonjwa huu, wala si ugonjwa mwingine? Zamani mtu alilala kando akachungulia, na wengine waliumia. Yule kijana wa Lukore alifanya jambo la akili. Aliifunga simu yake ya mkononi katika chesisi kwa mpira wa baiskeli, mbali na propela, ikaielekea pua ya difu, akaiacha ipige picha za mwendo. Dereva akaondoka mlimani, gari likiwa tupu, akasimama, akarudi nyuma. Tulipotazama picha zile tuliona pua yainuka na kushuka kama kichwa cha kuku anayekunywa maji. Mwenye simu ya namna hiyo asimlaze mtu chini ya gari.

Kabla ya kununua chochote, fundi alikagua vile vilivyokuwapo. Bushi za springi zilikuwa zimekwisha, mpira umeliwa hata chuma chagusa chuma. Yubolti mbili zilizunguka kwa spana bila kukaza. Vibano vinavyoyashika mabamba pamoja, upande mmoja havikuwapo kabisa, na mabamba yalikuwa yakiachana kila mtu mahali pake. Vibano hivi watu huvidharau. Gari linaposukuma, na tena linapofunga breki, nusu moja ya springi huelemewa na nusu nyingine hupunguziwa, na bamba kuu likiachwa peke yake hujikunja upesi. Tena bamba moja lilikuwa na alama ya kuchomewa. Hapo fundi alikasirika. Bamba la springi limepikwa kwa moto na kupozwa kwa kipimo ili liwe gumu na lenye kurudi. Ukilichomea, au ukilitia motoni ulipinde upya, umeua ule ugumu, nalo litavunjika pale pale au karibu na pale. Lisichomewe, lisitobolewe. Bamba lililovunjika hutolewa likatiwa jingine la kipimo chake.

Nikamwuliza, "Basi, fundi, fedha zao ziende wapi?"

Akajibu, "Mwalimu, jambo la kwanza halina gharama kubwa. Toa bloki."

Vijana hawakupenda. Nami nilielewa, maana gari fupi hugusa mawe, na ndiyo sababu ya urefu ule tangu mwanzo. Lakini kuna njia ya kulipandisha gari bila kukirefusha kijiti. Springi yenyewe ikiwa na upinde mkubwa kidogo kuliko ile ya zamani iliyolala, gari huinuka, na ekseli hubaki imebanwa karibu na springi. Springi za kikundi zilikuwa zimelala kabisa kwa uchovu. Kwa springi mpya peke yake gari lingepata tena sehemu ya urefu lililouazima katika bloki.

Hapa ndipo penye uchaguzi wenyewe, nanyi msiharakishe. Muuza spea alitaka kuwauzia springi nene kupita zote. Springi nene sana huzuia msokoto, ni kweli. Walakini gari la mkulima halibebi mzigo kila safari. Huenda limejaa na hurudi tupu, na likiwa tupu juu ya springi za lori, magurudumu ya nyuma huruka badala ya kushika, mwili wa gari hupasuka nyufa, na ukibeba machungwa nusu mzigo hufika yamepondeka. Yafaa springi inunuliwe kwa mzigo unaobebwa siku nyingi, wala si kwa mzigo wa siku moja ya tamaa. Tulikaa tukahesabu magunia ya safari 10 zilizoandikwa katika daftari ya mweka hazina, tukampa fundi hesabu ile, naye akachagua. (Daftari ile iliandikwa vizuri sana. Vikundi vingine vyetu havina hata kalamu.)

Alichochagua ni springi za mzigo wa kadiri, zenye mabamba machache yaliyo manene kuliko mengi yaliyo membamba, na akataka mambo mawili. La kwanza, bamba la pili, lile lililo chini ya bamba kuu, lifike mpaka mbele na kulizunguka jicho la springi, lisiishie njiani. La pili, pakihitajiwa nguvu zaidi, liongezwe bamba nusu, upande wa mbele tu. Sababu yake mwaijua tayari kutokana na ufito: gari likisukuma mbele, nusu ya mbele ya springi ndiyo inayobeba msokoto. Watengenezaji wa motokaa walilijua jambo hili zamani, na baadhi yao, kama Chrysler wa Marekani, waliweka ekseli mbele ya katikati ya springi ili nusu ya mbele iwe fupi na ngumu. Nyuma ikaachwa ndefu na laini kwa ajili ya mashimo. Ukiongeza ugumu mbele, msokoto wapungua, na mwendo hauharibiki sana.

Kuna vitu vingine ambavyo maduka ya Ukunda na Mombasa yatakuonyesha. Mifuko ya hewa ya kuwekwa juu ya ekseli husaidia gari lisilale kwa mzigo, lakini haishiki ekseli isizunguke. Shokabsoba mpya ni nzuri, na katika pikapu nyingi moja imewekwa mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake ili kupunguza kurukaruka. Hata hivyo kazi yake ni kupoza mruko, msokoto wenyewe haiuondoi. Kabari za kutiwa chini ya springi hurekebisha pembe ya pua ya difu, na mtu akishusha gari au kulipandisha hana budi kuitazama pembe hiyo. Lakini anayenunua kabari akidhani ndiyo dawa ya msokoto amenunua kofia kwa ajili ya maumivu ya mguu.

Sasa ile fimbo. Fundi wa kuchomea hakukosea kuitaja, ila namna aliyotaka kuifunga ingewatia hasara kubwa kuliko krosi 10. Yeye alitaka bomba nene, lichomewe ekseli upande mmoja na chesisi upande wa pili, basi. Fikirini kidogo. Gurudumu likipanda jiwe, ekseli haiendi juu moja kwa moja. Huenda juu na nyuma kidogo, maana springi ikinyooka hurefuka. Ndiyo maana mwisho wa nyuma wa springi umetundikwa katika shakeli, kile kiungo kibembeacho. Fimbo iliyofungwa imara pande zote mbili itakataa mwendo huo. Springi yavuta, fimbo yagoma, na mmoja wao lazima avunjike: mchomeo, au chesisi, au nyumba ya ekseli yenyewe.

Fimbo iliyo sawa hufungwa hivi. Upande wa ekseli hushikwa mahali pawili, juu na chini ya nyumba ya ekseli, karibu na difu, ili isiweze kuzunguka. Kutoka hapo huenda mbele sambamba na propela, na wengi huipima hata mwisho wake ukaribie usawa wa krosi ya mbele. Pale mbele haifungwi katika chesisi moja kwa moja, bali hutundikwa katika shakeli yenye bushi, na shakeli hufungwa katika boriti ya chesisi iliyotiwa nguvu. Hapo fimbo yaweza kwenda mbele na nyuma pamoja na ekseli, lakini pua ya difu ikitaka kuinuka fimbo yaikatalia. Fimbo moja yatosha. Wanaotia mbili bila kujua hulifunga gari kama mbuzi, gurudumu moja likipanda jingine haliwezi kushuka.

Tena kuichomea ekseli si kazi ya kila mwenye mashine. Moto mwingi mahali pamoja huipinda nyumba ya ekseli, na shafti za ndani hula beringi. Huchomewa kidogo kidogo, upande huu na upande ule, betri imefunguliwa, mabomba ya breki na tangi la mafuta vimehifadhiwa. Na kwa kuwa gari la mizigo ni lazima likaguliwe, uliza kwanza kwa wakaguzi kama badiliko hilo litakubaliwa, usije ukalipa mara mbili: kutia na kutoa.

Kijana aliuliza pia juu ya springi za mviringo, kwa sababu ameona magari ya namna hiyo katika picha za Rhino Charge, yale mashindano ya kupita porini yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa Aberdare. Swali zuri. Land Rover wa kwanza, wa mwaka 1948, walikuwa na springi za mabamba. Tangu yule aliyeitwa One Ten, mwaka 1983, springi ni za mviringo, na ekseli hushikwa na mikono yake maalumu ambayo haina kazi nyingine. Gari kama hilo halina ugonjwa tunaouzungumza. Likirukaruka, tazama bushi za mikono yake. Lakini kuligeuza gari la mabamba liwe la mviringo ni kukata na kuunda upya nusu ya gari, na mabamba bado ni mazuri kwa mzigo, ni rahisi, na hutengenezeka kokote. Kikundi cha machungwa hakina sababu ya kwenda huko.

Hukumu ya fundi ilikuwa hii, nami nimeiona kuwa ni ya haki. Bloki zitolewe. Bushi zote ziwe mpya, na vibano virudishwe. Zinunuliwe springi za mzigo wa kadiri pamoja na yubolti mpya za urefu ulio sawa, maana zile za bloki ni ndefu mno, na yubolti iliyokwisha kunyooka hairudii nguvu yake. Matairi makubwa yatumike mpaka yaishe, kisha wanunue ya kipimo cha kiwandani. Fimbo ingoje. Gari lipande mlima uleule na simu ileile, na pua ikiinuka bado, ndipo wajadili fimbo.

Yubolti zilikazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, uzito ukiwa juu ya springi, nati moja huku na nyingine upande wa pili, kwa zamu. Fundi akamwagiza dereva azikaze tena baada ya kilometa 100, na tena baada ya 500. Dereva wa kwanza alisahau; kikundi kimempata mwingine.

Huyu wa pili ni mtu mpole, na upole wake umesaidia springi kuliko alivyotaraji fundi. Huachia klachi taratibu. Huanza mlima akiwa tayari katika gia nzito, habadili katikati. Magunia mazito huyaweka mbele karibu na kibini. Na nyuma ikianza kuruka huondoa mguu mara moja, hufunga breki, taniboi hutia jiwe, kisha huanza tena polepole, au hupunguza magunia na kurudi kuyachukua. Akina mama hawapandi tena juu ya mzigo. Wamewekewa nauli ya matatu katika matumizi ya kikundi, jambo ambalo mweka hazina alilipinga kwa mikutano miwili.

Nilikwenda huko katika vuli. Simu ilifungwa tena mahali pake, gari likapanda na magunia yote. Picha zilionyesha pua ya difu ikitikisika kidogo mwanzoni mwa mlima, kisha ikatulia. Krosi ni ileile iliyotiwa wakati wa matengenezo. Fedha za fimbo bado zimo katika sanduku, na wazee wanataka kuzinunulia miche ya machungwa. Vijana hawajakubali, wanasema gari limekuwa fupi na watu wa vijiji jirani wanalicheka.

Mwenye kikundi chenye gari la namna hii na anayetaka kuona vipimo tulivyoandika, afike ofisini siku yoyote ya kazi, aje na daftari ya safari zake. Ufito na vijiti tumeviweka nyuma ya mlango.